Shahidi Aliyeona na Shahidi Asiyeona: Michoro ya Grant na Mkono wa Zwecker

Mnamo Oktoba 1860 msafara wa Speke na Grant ulipita Zungomero, karibu na Kisaki, kusini mwa milima yetu ya Uluguru. James Augustus Grant, Mskoti na afisa wa jeshi la Waingereza huko India, alikuwa amekuja na kamera. Mapema safarini kamera hiyo ilirudishwa Unguja, kwani kusafisha picha ndani ya kihema chenye joto kungalimwua. Ndipo akashika brashi na rangi za maji.

Grant hakuwa mchoraji kwa taaluma. Lakini alichora mbele ya kitu chenyewe, na kwa habari ya mimea, aliyoikusanya kwa bidii, jicho lake lilikuwa aminifu. Kazi zake zimehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti.

Msomaji wa London hakuziona hizo. Katika kitabu cha Speke cha 1863 aliona michoro ya Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyekaa London, hodari wa kuchora wanyama, ambaye hakupata kufika Afrika. Yeye alivichora upya vielelezo vya Grant juu ya vipande vya mti, mafundi wakavichonga, mtambo ukavipiga chapa. Katika kila mkono kitu kilipungua na kingine kikaongezwa: misuli ikakazwa, watu wakapangwa kama waigizaji jukwaani. Ufundi upo, tena si haba. Ushuhuda ndio uliopungua.

Ipo picha moja ya Grant akiondoka Karagwe mwaka 1862, amebebwa kwa sababu ya mguu uliougua. Humo mhitaji ni Mzungu, na mabega ni ya Waafrika. Hata mkono wa Zwecker haukuufuta ukweli huo, nami naipenda kuliko nyingine zote kitabuni.

Lililofuata latugusa zaidi sisi wachungaji. J. G. Wood, kasisi wa Kanisa la Uingereza, mwandishi wa vitabu vya wanyama ambavyo Zwecker alishiriki kuvichora, alitoa kati ya 1868 na 1870 kitabu juu ya jamii za wanadamu, na Zwecker akawamo tena. Mkono uliozoea kuonyesha simba na nyati sasa ulimwonyesha jirani, na kasisi akaweka jina lake juu ya kazi hiyo. Luther, akiifafanua Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo, hatuachi tuishie kutosema uongo tu. Yatupasa pia kumtetea jirani. Je, brashi imeachwa nje ya amri hiyo? La hasha.

Picha za namna hii tungali tukizikuta katika vijitabu vya jubilei, bila jina wala mwaka, kana kwamba babu zetu walisimama mbele ya kamera. Sisemi zitupwe. Chini ya kila moja iandikwe nani aliona, na nani alichora pasipo kuona. Na mwanafunzi wa Morogoro atakayezipata nakala za Grant aanze na mimea, akiwa ameketi na mzee wa Kisaki, amwulize kila mmoja unaitwaje.