Kabla ya Michakato Nasibu, Yashike Masharti

Maji ya Mto Nzoia, magharibi mwa Kenya, yanayopita Matungu huteremka hadi Budalang'i, yakaingia Ziwa Victoria, kisha yakatokea Jinja na kuwa Nile. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kueleza mafuriko ya mto huo hushawishika kurukia modeli za michakato nasibu. Asirukie. Kinachomponza si ugumu wa modeli bali teoremu alizozikariri bila kuyashika masharti yake, na Nile yenyewe ni shahidi. Mwaka 1951 Harold Hurst, Mwingereza aliyefanya kazi Misri kwa miongo mingi, alichapisha uchambuzi wa akiba ya maji inayohitajika kuvuka miaka ya ukame. Alipima upana kati ya kilele na kina cha akiba iliyolimbikizwa, akaugawa kwa mkengeuko sanifu. Mwaka huohuo mwanahisabati William Feller alionyesha kwamba ikiwa miaka haitegemeani na varianzi ina kikomo, upana hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miaka: miaka ikiwa mara 4, upana huwa mara 2. Takwimu za Hurst zilitoa kipeo cha karibu 0.73, yaani upana mara 2.75 hivi. Hesabu ya Feller haikuwa na kosa. Mto ndio uliovunja masharti.

Hapo, katika kusema kwa usahihi kipi kinategemea kipi, ndipo nadharia ya vipimo, ambayo wengi huiona pambo, inapohitajika. Mtu anayejua tu kama mto leo uko chini, wastani au juu anaweza kuamua matukio 8, basi. Hiyo ndiyo sigma-aljebra yake. Mwongezee kipimo cha jana, yanakuwa 512. Wastani wenye sharti ni makisio bora kwa aliye na taarifa hizo na si nyingine. Lakini kina kikipimwa kwa namba yoyote ile, uwezekano wa kupata namba moja kamili ni sifuri; kanuni ya kawaida ya sharti hugawa kwa uwezekano huo, na kugawa kwa sifuri hakuwezekani. Kolmogorov alivuka kikwazo hicho mwaka 1933 kwa kutumia teoremu ya Nikodym ya 1930. Asiyeielewa hatua hiyo atazitumia martingale, yaani michakato ambayo makisio bora ya kesho ni thamani ya leo, kwa kubahatisha tu.

Wapo watakaosema minyororo ya Markov, ambamo kesho hutegemea leo tu, hufundishwa bila haya yote, na kompyuta itafanya uigaji. La kwanza ni kweli, na ni vyema kuanzia hapo. La pili silikubali: kompyuta ukiiambia miaka haitegemeani, itairudia dhana hiyo mara elfu bila kuihoji. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kipeo cha Hurst chaweza kutokana na wastani unaobadilika polepole, si kumbukumbu ndefu waliyoipendekeza Mandelbrot na Van Ness mwaka 1968. Bhattacharya, Gupta na Waymire walithibitisha uwezekano huo mwaka 1983. Lakini ubishi huo wote unahusu ni sharti lipi limevunjika, na kwa Budalang'i kila jibu linadai tuta la kuzuia mafuriko la kimo chake. Kwa hiyo mwanafunzi achukue teoremu moja, aondoe sharti moja, atafute mfano unaoivunja. Aanze na sheria ya namba kubwa, aondoe sharti kwamba wastani uwepo, atazame mgawanyo wa Cauchy: wastani wa vipimo 1,000 una mgawanyo uleule wa kipimo kimoja.