Mkono Unaouvisha Uzi Shaba

Waya wa feleji umefungwa kwenye mashine, unazunguka kwa kasi. Fundi ameshika shaba nyekundu kwa mkono wenye glavu, anailaza duara kwa duara bila kuacha mwanya. Mkono ukilegea hata kidogo, uzi huo wa besi wa piano utakwaruza maisha yake yote.

Noti nzito hudai uzi mrefu au mzito, na urefu una mwisho ndani ya sanduku la piano. Waya mnene mtupu nao ni mkaidi: haupindiki vizuri, na ile milio midogo iliyomo ndani ya sauti hupanda kupita inapostahili, noti ikatoka chafu. Hapo ndipo shaba inapookoa. Huongeza uzito, huku kiini cha feleji kikibaki chembamba na chepesi kutikisika.

Nyuzi nzito hivi hazikuwapo tangu mwanzo: piano za enzi za Mozart zilikuwa na fremu ya mbao na nyuzi nyembamba, sauti yake ya upole. Mwaka 1843 Jonas Chickering wa Boston alipata hataza ya fremu ya chuma ya kipande kimoja kwa piano kubwa, na nyuzi zikaanza kukazwa kwa nguvu. Leo piano moja hubeba nyuzi zipatazo 230, na mvuto wa nyuzi hizo zote hupita tani 15.

Ninalolienzi zaidi katika kazi ya fundi ni tendo dogo. Kabla ya kuukaza uzi mpya wa besi, fundi makini huusokota mara moja kufuata upande ilikozungushiwa shaba, ili ikumbatie kiini barabara. Na kiini kikiwa cha mviringo, hathubutu kukata ncha kabla hajaikunja, kwa maana shaba ikishafunguka haishiki tena. Hakuna msikilizaji atakayeuona uangalifu huo, ila atausikia.

Sisi wenye piano tumekosa uangalifu huo. Besi ikififia tunasema piano imezeeka, kumbe mara nyingi ni uchafu na kutu vilivyojaa kati ya mizunguko ya shaba, na hewa ya chumvi ya pwani haina huruma kwa feleji. Piano inageuzwa meza ya kuwekea vitabu, kibodi ya umeme inashika nafasi, na fundi anakosa wa kumrithisha kazi.

Wewe mwenye piano kuukuu, mwite fundi kabla ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Nyuzi za besi husukwa upya kwa vipimo vya zile za zamani, maadamu mikono ya kuzisuka ingalipo.