Chuo cha Usanifu Hupimwa Karakanani

Wazazi huniletea vijana wao wakiwa na kipeperushi cha chuo mkononi: jengo la vioo, wanafunzi wanatabasamu mbele ya kompyuta mpya. Huwa nakiweka pembeni. Nimekuwa nikiajiri wasanifu wa grafiki kwa miaka mingi, na hakuna kipeperushi kilichowahi kunieleza mkono wa mtu ukoje.

Nenda chuoni siku ya kawaida, Jumanne asubuhi kwa mfano, isiwe siku ya maonyesho. Omba kuona karakana ya uchapaji. Ukikuta kufuli mlangoni na mwenye ufunguo hajulikani aliko, nusu ya jibu umeshapata. Ukikuta pako wazi, kagua fremu za kuchapia. Wavu wake uwe na madoa ya wino wa muhula huu, na mpira wa kuvutia wino uwe umelika ukingoni. Karakana inayong'aa kama sebule ya wageni haitumiki.

Kisha omba kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, tena ile ambayo haijaisha. Kazi ya mwaka wa mwisho imeshapita mikono mingi. Katika chuo kimoja binti alinionyesha kanga aliyokuwa akiichapa kwa rangi tatu. Nyekundu ya pindo ilikuwa imepanda juu ya nyeusi ya mji kwa unene wa kucha. Nikamuuliza kulikoni. Hakujitetea. Alinionyesha bawaba ya fremu iliyolegea, akafungua daftari lake: jaribio la kwanza, la pili, mpaka la tisa, kila moja na tarehe yake na kosa lake. Hata jina la kanga alikuwa amelisogeza mara nne, maana herufi za mwisho zilikuwa zikibanwa na pindo. Ukiona daftari la namna hiyo, walimu wake umeshawajua.

Kompyuta zisikulevye. Programu hujifunzwa kwa miezi, na toleo la leo litakuwa limepitwa kabla ya mahafali. Lakini jicho la kupima nafasi kati ya herufi na herufi, kujua kwamba rangi ya kwenye kioo haitatoka vile vile kwenye mashine ya wino wa rangi nne, kuacha milimita 3 za ziada ukingoni ili kisu kikiyumba pasibaki ufito mweupe: hayo huchukua miaka, na ndiyo mteja anayoyalipia.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni nani anafundisha. Shule ya usanifu ya Bauhaus ilipofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, karakana zake ziliwekewa walimu wawili wawili, msanii wa kufundisha umbo na fundi wa kufundisha kazi yenyewe. Sijaona mpango mzuri kuliko huo. Kwetu fundi wa karakana huchukuliwa kama mtunza stoo tu, na hilo huniuma sana. Keti naye. Kama wanafunzi wanamletea kazi aione kabla ya kuipeleka kwa mhadhiri, chuo hicho kiandike kwenye orodha yako.

Jina kubwa lina uzito wake. Darasa alilolianzisha Margaret Trowell pale Makerere mwaka 1937 ndilo lililowalea Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wawili watoto wa Kilimanjaro. Lakini hao walikuwa wachoraji. Anayetaka kuishi kwa kusanifu vifungashio na mabango aulize wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wanafanya kazi wapi, kisha aombe kukutanishwa na wawili kati yao.

Na ulizia vifaa. Mara nyingi ada iliyotangazwa haina wino, karatasi wala kitambaa ndani yake, na nimeona vijana wakichapa kazi moja tu muhula mzima kwa sababu kitambaa wanajinunulia. Yule binti alikuwa na vipande tisa vya majaribio. Uliza chuoni kwenu vipande tisa vinalipiwa na nani, ndipo ulinganishe ada.