Aliye Nyuma Habebwi

Mwaka 2024 jirani yangu hapa Dodoma alinialika kutazama Michezo ya Paralimpiki ya Paris kwenye televisheni. Tulikuta mbio za baiskeli za wanawake wasioona au wenye uoni hafifu. Baiskeli moja, watu wawili: mbele mwenye macho ameshika usukani, nyuma mwanamichezo asiyeona au mwenye uoni hafifu. Sophie Unwin wa Uingereza, akiongozwa na Jenny Holl, alitwaa dhahabu ya mita 3,000. Jirani akasema, "Mwalimu, huyo wa nyuma si anabebwa tu?"

Neno hilo nalikosoa hapa kwa sababu limo vinywani mwetu sote. Sisi wa nyanda hizi tumezoea karia. Huko nyuma hukaa gunia la mkaa, dumu la maji, au mgonjwa anayepelekwa zahanati. Basi tukiona mtu nyuma, tunaona mzigo. Lakini baiskeli ile haina karia. Pedali za mbele na za nyuma zimeunganishwa kwa mnyororo. Haina breki, na gurudumu likizunguka, miguu nayo huzunguka. Mmoja akilegea, mwenzake humsikia miguuni papo hapo. Kwenye kona zilizoinuka kama ubavu wa bakuli hulala pamoja, naye wa nyuma hulala bila kuiona njia iliyo mbele. Ndiyo maana wote wawili huvishwa medali.

Nami nina deni. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, tulikuwa na mwanachuo msichana asiyeona. Kila kipindi cha michezo nilimketisha chini ya mbuyu alinde viatu vya wenzake. Niliona ni huruma. Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, na leo nilinde viatu?" Nilicheka. Sikumwelewa.

Huku kwetu Kongwa, vikope vimewaumiza macho wanawake kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio walezi wa watoto, na watoto ndio wenye maambukizi zaidi. Wanawake hao wamebeba watoto, kuni na maji maisha yao yote. Macho yakizimika, ndipo tunawaita watu wa kubebwa!

Uwanja kama ule wa Paris sijapata kuuona hapa nchini. Lakini mafundi wa baiskeli tunao, na barabara tambarare zipo. Tunachokosa ni mwenye macho atakayekubali kukaa mbele bila kudhani kwamba safari ni yake peke yake.