Heko Wapima Mapango

Anayepanda mlima hupigiwa makofi. Anayeingia chini yake nani humwona? Ndiyo maana leo nawapa heko wanachama wa mwanzo wa kundi la wachunguzi wa mapango wa Afrika Mashariki, waliokuwa wakitoka Nairobi miaka ya 1960 kwenda kutambaa gizani.

Kusini mwa Olkaria, ng'ambo ya Longonot, uko mlima Suswa. Lava ilipotiririka huko, sehemu ya juu ilipoa ikaganda, ya ndani ikaendelea kukimbia hadi ikaacha mahandaki matupu. Dari zikaporomoka hapa na pale, yakawa matundu ya kuingilia. Waliingia na dira, futi kamba na taa: mmoja kashika ncha ya kamba, mwenzake anaandika namba, popo wanawapita masikioni na vumbi la kinyesi chao linaziba pua. Mshahara haukuwepo.

Wamasai, bila shaka, waliyajua mapango hayo tangu zamani. Wageni walichoongeza ni ramani, na hilo si dogo. Baadaye walifika vilima vya Chyulu wakapima pango la Leviathan, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 11.

Suswa bado ipo, na nyani hulala katika pango liitwalo Bunge la Nyani. Ukienda, chukua kiongozi Mmasai wa palepale, lipa ada, na tafadhali usiwamulike popo.