Familia ya "Kijani" Mlangoni mwa Musaga: Uhakiki wa Lugha ya Mafunzo ya Mazingira kwa Watoto

Maandishi ya Kiswahili yanayowafundisha wazazi na watoto kuishi kwa kutunza mazingira yamekwisha kuwa utanzu wenye sura yake. Msomaji huyatambua tangu sentensi ya kwanza: zima taa unapotoka chumbani, funga bomba unapopiga mswaki, tenganisha taka katika mapipa matatu, panda mti siku yako ya kuzaliwa, nenda shuleni kwa baiskeli badala ya gari. Vipeperushi, mabango ya shuleni na vijitabu vya likizo hurudia maagizo hayo kwa mpangilio unaokaribia kuwa wa sala. Makala haya yanayahakiki kama maandishi: yanamsemesha nani, kwa hali gani ya kitenzi, kwa sitiari gani, na yanamwacha nani nje. Ubora wa sayansi iliyo nyuma yake haubishaniwi hapa.

Kipimo kilichochaguliwa ni mtaa mmoja, Musaga, kusini mwa jiji la Bujumbura. Mtaa huu unapanda kutoka tambarare ya Ziwa Tanganyika kuelekea miteremko ya Mumirwa, katika eneo linalopitiwa na mto Muha upande wa kaskazini na mto Kanyosha upande wa kusini. Nje ya Burundi hujulikana, ukijulikana, kwa gereza kuu la Mpimba na kwa maandamano ya mwaka 2015. Ni nadra kutajwa panapozungumzwa mazingira, na hiyo ni sababu moja ya kuuchagua. Sababu nyingine ni kwamba wakazi wake huzungumza Kirundi nyumbani na Kiswahili sokoni na garini, na watoto wao hukutana na Kiswahili sanifu darasani, kwa kuwa lugha hiyo iliingizwa katika shule za msingi za Burundi sambamba na Kiingereza, wakati nchi ilipokuwa ikijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mtoto wa Musaga, kwa hiyo, ndiye msomaji ambaye maandishi ya kikanda yanadai kumlenga.

Agizo la bomba ndilo la kuanzia. "Funga bomba unapopiga mswaki" ni sentensi yenye dhana tangulizi tatu: kwamba bomba limo ndani ya nyumba, kwamba maji yamo ndani ya bomba, na kwamba mtoto hajui thamani yake. Katika kaya nyingi za mitaa ya miteremkoni maji huja kwa dumu, au bidoni kama linavyoitwa Bujumbura, na mara nyingi anayelibeba ni mtoto mwenyewe. Kumwonya asipoteze alichokipandisha mlima kichwani ni kumfundisha mvuvi kwamba samaki hukaa majini. Agizo si la uongo. Limekosea mlango tu. Kosa la namna hii lina gharama, kwa sababu msomaji anayeona kwamba sentensi tano za kwanza zinamhusu mtu mwingine hana sababu ya kuamini kwamba ya sita, ambayo pengine ingemfaa kweli, ni yake.

Sarufi ya maagizo hayo inastahili kukaguliwa kwa makini kuliko inavyofanyiwa kawaida. Umbo linalotawala ni dhamiri tegemezi kanushi: usitupe, usikate, usichome, usichezee. Mtoto anaingia katika matini akiwa mkosaji mtarajiwa. Pale ambapo mwandishi anataka kulainisha, anahamia nafsi ya kwanza wingi: tutunze mazingira yetu, tupunguze taka zetu. Huyo "tu-" ni nani? Ndani yake wamefungwa pamoja mwenye kiwanda kinachojaza soda katika chupa za plastiki, afisa anayetoa kibali cha kuchimba mchanga, na mtoto wa miaka tisa aliyenunuliwa soda hiyo siku ya Krismasi. Kiambishi hicho kinagawa lawama kwa usawa ambao haupo katika ugawaji wa kitu kingine chochote. Wahakiki wa ushairi wamezoea kuuliza nafsineni ni nani. Hakuna sababu ya kuacha kuuliza eti kwa kuwa matini ni bango.

Kuna pia jambo ambalo haliandikwi lakini linasomwa. Katika shule nyingi za ukanda huu, kufagia uwanja, kumwagilia maua na kung'oa magugu ni kazi za mafunzo, lakini hutolewa vilevile kama adhabu ya kuchelewa au kupiga kelele. Mtoto anapokutana na kitenzi "fagia" chini ya kichwa "Shughuli za Kijani", haanzi kukisoma upya. Anakisoma kwa kumbukumbu aliyonayo. Watunga mitaala wanaotaka kazi ya bustani ipendwe wangeanza kwa kuitoa katika orodha ya adhabu, hatua isiyohitaji bajeti wala mfadhili.

Msamiati, kwa upande wake, ndio wenye utajiri ambao umepuuzwa zaidi. Neno "mazingira" limetokana na kuzingira. Linataja kilicho kando kando, bila kusema kinamzingira nani. Kirundi kina "ibidukikije", neno ambalo ndani yake kuna kiambishi cha mtendwa "du", yaani sisi: vitu vilivyotuzunguka. Tofauti ni ndogo kwa jicho, lakini kwa mwalimu ni kubwa. Katika neno la Kiswahili mtu anaweza kuhamishiwa nje na mazingira yakabaki. Katika neno la Kirundi, ukimwondoa mtu, neno lenyewe linavunjika. Mtoto wa Musaga anaingia darasani akiwa na dhana iliyokamilika kuliko ile anayokabidhiwa, kisha anaulizwa katika mtihani maana ya ile pungufu.

"Kijani" ina matatizo yake. Kiswahili kimelipata jina la rangi hiyo kutoka kwa jani, na hadi hapo hakuna ubaya. Lakini "familia ya kijani", "shule ya kijani" na "uchumi wa kijani" ni tafsiri sisisi ambazo sitiari yake haijapata mizizi. Nchini Tanzania rangi hiyo ikitajwa na watu mkutanoni, wengi hufikiria kwanza chama tawala. Katika Kirundi rangi yenyewe huitwa "icatsi kibisi", yaani nyasi mbichi, na "-bisi" ni ile ile "-bichi" ya Waswahili. Mwanafunzi akiifasiri "familia ya kijani" neno kwa neno anapata familia ya nyasi mbichi. Anacheka, na ana haki ya kucheka.

Wakati huo huo Burundi imekuwa na kampeni ya taifa ya upandaji miti yenye jina "Ewe Burundi Urambaye". Jina hilo linaisemesha nchi kama mtu na kumwambia kwamba amevaa. Kilima kisicho na miti, kwa sitiari hiyo, ni mtu aliye uchi, na kupanda mti ni kumsitiri. Hakuna mtoto anayehitaji kamusi ili aelewe aibu ya kuwa uchi, wala wajibu wa kumfunika mzazi. Kiswahili kina akiba ya kuipokea sitiari hiyo bila kuilazimisha, maana kusitiri, kuvika na stara ni maneno ya nyumbani. Ni ajabu kwamba maandishi ya kikanda yanayoingia Burundi huja na "kijani" mkononi na kuipita "urambaye" bila kuiamkia. Ipo pia "intatemwa", isiyokatwa, jina la vichaka vilivyohifadhiwa kwa heshima ya makaburi ya wafalme. Hapo pana kanushi, lakini ni sifa ya mti. Mtoto hakatazwi kitu. Mti ndio usiokatwa. Mwandishi wa "usikate miti" angejifunza mengi kwa kulitafakari umbo hilo moja.

Majina ya plastiki yanaonyesha jambo la aina nyingine. Amri ya rais iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki nchini Burundi ilitiwa saini Agosti 2018, ikatoa miezi 18 ya maandalizi. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya 2017. Tanzania Bara ikafuata Juni 2019. Mfuko huo huo uliitwa rambo Tanzania, juala Kenya, na isashe Burundi, neno lililotoka katika Kifaransa. Nyaraka rasmi zilipendelea "mifuko ya plastiki", jina ambalo sokoni halikuwa na mwenyewe. Mtoto aliyekuwa akiuza maji au karanga katika isashe alisikia katazo la kitu kingine. Na siku ya kupanda miti mtoto huyo huyo, aliyefundishwa kwamba plastiki ni adui, hupokea mche uliooteshwa katika kiriba cha plastiki. Kiriba huchanwa, mche hutiwa shimoni, na viriba hubaki pembeni ya uwanja. Matini zinazofundisha upandaji miti hazisemi viriba viende wapi. Mtoto akiuliza, amewashinda waandishi wake.

Kalenda nayo ni matini. Siku ya Mazingira Duniani huadhimishwa tarehe 5 Juni, na ndiyo siku ambayo shule hupenda kupanda miti, hotuba zikisomwa na picha zikipigwa. Katika tambarare ya Imbo, Juni ni mwanzo wa kiangazi. Mvua hairudi kwa uhakika kabla ya mwishoni mwa Septemba au Oktoba, na katikati yake shule zinafungwa. Mche uliopandwa siku hiyo unaachwa bila mvua na bila mwanafunzi katika miezi ile ile unapomhitaji mmoja wa hao wawili. Hapa uhakiki wa lugha unagusana na uhai wa mti wenyewe: agizo "panda mti leo" limetungwa kwa tarehe ya dunia, likatekelezwa katika udongo wa mahali. Mtoto anayerudi shuleni na kukuta kijiti kikavu amejifunza somo, ila si lile lililokusudiwa.

Ingekuwa rahisi, baada ya kusema hayo, kugeuka na kuusifu umaskini. Baadhi ya waandishi hufanya hivyo: huonyesha gari la waya na makopo, mpira wa majani ya migomba, chupa iliyotumika mara kumi, wakatangaza kwamba watoto wa mitaa kama Musaga ndio wahifadhi wa kweli. Hoja hiyo ikataliwe. Mtoto anayeunda gari la waya anacheza, na ustadi wake ni wa kuheshimiwa. Mtoto anayeokota chupa ili auze anafanya kazi, na kuiita kazi hiyo "shughuli ya kijani" ni kumpamba mtu nguo asiyoichagua. Vivyo hivyo kwa moshi. Kaya nyingi hupikia makaa kwenye imbabura, na mtoto aliyekaa karibu huvuta hewa isiyofaa. Hilo si utamaduni wa kutunzwa, na gesi kwa bei iliyopo si jibu la kila kaya. Jiko la Kenya la udongo na bati, lililoenea kuanzia miaka ya 1980, lilifaulu kwa sababu lilibaki na umbo walilolijua mafundi wa bati na mapishi waliyoyajua akina mama. Lilibaki pia na jina lake, jiko, na hakuna aliyelazimika kuwa "wa kijani" ili alinunue.

Mto Kanyosha ndio mtihani mgumu zaidi. Mito ishukayo Mumirwa kupitia Bujumbura hula kingo zake, na katika mitaa kadhaa ya jiji nyumba zimeporomokea korongoni. Uchimbaji wa mchanga na mawe mitoni huongeza mmomonyoko huo. Uchimbaji huo huo hulipa karo. Kipeperushi kinachomwambia mtoto "linda mto wako" kinaweza kumaanisha kwake "mkataze baba asiende kazini". Hakuna hali ya kitenzi inayoweza kuutatua mgongano huo, na mwandishi mwaminifu asingejifanya kwamba ipo. Angeandika mazungumzo: mtoto anauliza, mzazi anajibu kwa hesabu ya mwezi, jirani aliye ukingoni anaonyesha ufa ukutani. Kirundi kina ibisokozo, Kiswahili kina vitendawili, na tanzu hizi mbili zinafanana katika jambo moja, kwamba mtoto hupewa swali kabla ya jibu.

Kielelezo cha njia hiyo kipo katika eneo hili hili. Mwaka 1991 jijini Dar es Salaam, wanafunzi 12 walikutana nyumbani kwa Jane Goodall wakiwa na wasiwasi wao wenyewe juu ya waliyoyaona katika sehemu wanazoishi, na hapo ukaanza mpango wa Roots & Shoots ambao sasa uko katika nchi nyingi. Mtu anaweza kuukosoa mpango huo kwa mambo mengine. Lakini sentensi yake ya kwanza ilisemwa na vijana.

Kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na kwa wizara zinazoagiza vitabu, kazi iliyo mbele si kutafsiri maagizo zaidi. Ni kukusanya maneno: isashe, imbabura, bidoni, lengalenga, uturima tw'igikoni kwa bustani za mboga za nyumbani, na mengine yaliyomo vinywani mwa watoto wa Bujumbura, na kuamua kwa uwazi lipi liingie kitabuni kama lilivyo, lipi lipewe mwenzake wa Kiswahili, na nani aulizwe. Orodha hiyo haiwezi kutungwa Zanzibar wala Dar es Salaam. Inahitaji mtu wa kukaa Musaga asubuhi chache mwezi Novemba, mvua ikiwa imeshika na shimo la mti likichimbika kwa urahisi, akiwa na daftari na subira ya kuruhusu asahihishwe na mtoto.