Alaina au vyuma: hesabu ya mkazi wa Uyole

Kijana wa Uyole, Mbeya, anayetaka kunyoosha meno siku hizi ana njia mbili. Ya kwanza ni vyuma, vile vidude vinavyobandikwa jino kwa jino na kuunganishwa kwa waya. Ya pili ni alaina, yaani vifuniko vya plastiki angavu vinavyovikwa juu ya meno, mtu akicheka huvioni kwa urahisi. Kwenye picha za mitandaoni alaina imeshashinda. Kinywani hesabu ni nyingine, na ukiileta hapa kwenye njia panda ya Dar es Salaam, Tunduma na Tukuyu, penye baridi na chai ya kutwa nzima, hesabu hiyo inabadilika tena.

Tuanze na ukubwa wa jambo. Utafiti wa Matilda Mtaya na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulipima watoto 1,601 wa miaka 12 hadi 14 katika shule za msingi za Kinondoni na Temeke. Asilimia 63.8 walikuwa na angalau hitilafu moja ya mpangilio wa meno. Mzazi asitishike na tarakimu hiyo. Hitilafu nyingi kati ya hizo hazimzuii mtoto kutafuna wala kusema, na mojawapo iliyohesabiwa ni nafasi ya milimita 2 au zaidi kati ya meno. Hapo ndipo unapoingia mwanya, ambao kwetu ni urembo unaosifiwa. Mwenye mwanya anaoupenda amwambie daktari mapema, kabla vipimo havijachukuliwa, maana mipango ya tiba kwa kawaida huuziba bila kumuuliza mtu.

Sasa namna jino linavyosogea. Jino halikukaa ndani ya taya kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa na nyuzi laini zinazoliunganisha na mfupa. Likisukumwa kidogo kidogo, upande unaobanwa chembe hai huula mfupa, na upande unaovutwa chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Mwendo wake ni kama milimita 1 kwa mwezi, na mfupa hauharakishwi na chuma wala plastiki. Ndiyo maana tiba kamili huchukua mwaka mmoja hadi miwili, wakati mwingine zaidi. Kinachozitofautisha njia hizi mbili ni nani anayesukuma, kwa saa ngapi, na anaweza kusukuma kuelekea wapi.

Mtazame daktari anapobandika vyuma. Analisafisha jino, analikausha, kisha anapaka asidi ya fosfori ya asilimia 37 hivi kwa sekunde 15 hadi 30. Akiisuuza na kulikausha tena, sehemu ile inapoteza mng'ao na kuwa nyeupe butu: asidi imechimba vishimo visivyoonekana kwa macho, ambamo gundi itajishikiza. Mbinu hiyo ilianzia kwa Michael Buonocore mwaka 1955. Zamani jino moja moja lilivishwa pete ya chuma. Gundi ikishapakwa, braketi, yaani kile kidude cha kubandikwa, inawekwa mahali pake, taa ya buluu inamulikwa, gundi inakuwa ngumu. Katikati ya braketi kuna mfereji wenye upana wa inchi 0.018 au 0.022. Waya ya kwanza ni nyembamba, mara nyingi inchi 0.014, ya mchanganyiko wa nikeli na titani. Inapinda kufuata meno yaliyopinda, lakini umbo lake halisi haijalisahau, na katika kulirudia inayavuta meno. Kazi hiyo inaendelea mwenye meno akiwa amelala, akiwa shambani, au akiwa kwenye daladala ya Mwanjelwa. Miezi kadhaa mbele inafuata waya nene ya pembe nne. Hiyo inaujaza mfereji, na kwa kuujaza inaweza kuugeuza hata mzizi wa jino ulio ndani ya mfupa.

Alaina ina historia ya kuchekesha kidogo. Kampuni iliyoitangaza duniani, Align Technology, ilianzishwa California mwaka 1997 na Zia Chishti na Kelsey Wirth, watu wa masomo ya biashara katika Chuo Kikuu cha Stanford. Hakuna daktari wa meno kati yao. Chishti alikuwa amevaa vyuma ukubwani, na wazo lilimjia kutokana na riteina, kile kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka. Kusogeza meno kwa kifaa laini cha kuvaa na kuvua si jambo geni, H. D. Kesling alilieleza mwaka 1945. Kilichoongezeka ni kompyuta. Kinywa kinapimwa, safari ya kila jino inakatwa vipande vidogo, na kila kipande kinatengenezewa alaina yake inayosogeza jino kama robo ya milimita. Unaivaa saa 20 hadi 22 kwa siku, na baada ya wiki moja au mbili unahamia nyingine. Ili plastiki ipate pa kushika, daktari hubandika vinundu vidogo vyenye rangi ya jino. Matangazo huwa hayavionyeshi sana.

Udhaifu wake umepimwa. Mwaka 2009 Neal Kravitz na wenzake walilinganisha mienendo ya meno iliyopangwa kwenye kompyuta na iliyotokea kinywani, wakapata usahihi wa wastani wa asilimia 41. Utafiti uliofuata mwaka 2020, wa Nada Haouili na wenzake, ukapata asilimia 50. Kwa lugha ya mgonjwa, nusu ya ulichoonyeshwa kwenye kioo cha kompyuta hakikutokea kwa seti ya kwanza, na ndiyo sababu watu wengi huongezewa seti ya pili au ya tatu. Alaina ni hodari wa kuinamisha jino na kufunga nafasi ndogo. Kuzungusha jino la mviringo kama chonge, kulivuta jino lishuke, au kuuhamisha mzizi, hapo inahangaika. Na chonge iliyopanda juu kwenye ufizi ndiyo inayomleta kijana wetu kwa daktari mara nyingi. Hiyo ni kazi ya waya.

Kuna chonge zenye tatizo la aina nyingine kabisa. Katika sehemu nyingi za nchi hii watoto wachanga wenye homa au kuharisha wamekuwa wakidaiwa kuota "meno ya plastiki", na vichipukizi vya chonge zao vikang'olewa. Chini ya kichipukizi hicho ndipo linapojijenga jino la ukubwani, nalo huweza kuharibika au kutokea pasipo pake. Aliyefanyiwa hivyo anahitaji eksirei na daktari bingwa kabla hajaanza kuchagua kifaa.

Turudi kwenye chai. Alaina haipatani nayo: joto linaikunja plastiki, rangi inaitia madoa, na sukari inayonaswa chini yake inalishambulia jino bila mate kuisafisha. Kwa hiyo kila kikombe ni kuvua, kunywa, kusuuza na kuvaa tena. Saa 22 za kuvaa zinabakiza saa 2 tu za milo, chai na mswaki. Mwezi wa Julai, Uyole, katika mwinuko wa mita 1,800 hivi, mwambie mtu anywe chai mara mbili tu kwa siku uone atakavyokutazama. Vyuma havigombani na chai, ila sukari yake inadai mswaki. Ugomvi wao ni na hindi la kuchoma linaloguguniwa, muwa, na kande zisizoiva vizuri, ambazo huing'oa braketi. Hindi lipukuchue, muwa uache. Na asiyepiga mswaki kuzunguka kila braketi atavuliwa vyuma akiwa na meno yaliyonyooka yenye madoa meupe yasiyotoka.

Umbali ndio wenye utata, na hapa siwezi kuipa upande mmoja ushindi wa bure. Vyuma vinataka uonekane kila baada ya wiki 4 hadi 8, na waya ikichomoka huchoma shavu bila kuchagua siku. Kama daktari wako yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, hilo ni jambo zito. Alaina haichomi, na unaweza kukabidhiwa kadhaa ukaondoka nazo. Lakini kinundu kikidondoka bado unamhitaji daktari, na alaina iliyopotea hutengenezwa upya huko ilikotoka. Viwanda vya Align viko Mexico, China na Poland. Ukisubiri kifurushi, meno nayo yanaanza kurudi.

Wako waliojaribu kumuondoa daktari kabisa. SmileDirectClub ya Nashville, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2014, iliwapelekea wateja alaina nyumbani kwao. Iliingia soko la hisa mwaka 2019, ikaomba ulinzi wa kufilisika Septemba 2023, na Desemba mwaka huohuo ikafunga. Wateja waliokuwa katikati ya tiba walibaki na meno nusu safari. Anayetaka kuagiza alaina mtandaoni kwa vipimo alivyojipimia mwenyewe aikumbuke kampuni hiyo.

Uamuzi wangu ni huu. Mtoto aliyeshabadili meno, mwenye chonge iliyopanda au meno ya juu na ya chini yasiyokutana, apewe vyuma, tena vya kawaida vya rangi ya fedha. Mtu mzima ambaye meno yake ya mbele yamebanana kidogo, mwenye nidhamu ya kuvaa, na mwenye daktari ndani ya jiji la Mbeya, anaweza kuchukua alaina bila majuto. Kwa njia yoyote, anza kwa kuuliza katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, hakikisha anayekutibu amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na usikubali kuanza bila eksirei. Bei utakayotajiwa iwe na riteina ndani yake. Bila riteina meno hurudi, yawe yamenyooshwa kwa waya au kwa plastiki.